Losheni ina alkoholi, niitupe?

SWALI: Assalaam aleikum shangazi. Nimenunua losheni duka moja hapa Langoni, kufika nyumbani nasoma nyuma ya chupa naona setearili alkoholi. Mume wangu ameniambia niitupe, sisi watu wa kuswali. Halafu nimejaribu kujitengenezea yangu ya mafuta ya nazi na marashi, yale maji ya waridi, nikatikisa mpaka mkono ukauma, asubuhi mafuta yako juu maji yako chini. Nifanyeje? – Mama wa watatu, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, usiitupe kwanza. Wanakemia wanaita alkoholi vitu vingi sana na pombe ni kimoja tu kati ya hivyo. Hiyo setearili ni nta nyeupe, vipande vikavu kama mshumaa ulioparwa, ukivisugua vinateleza vidoleni, havina ule ukali wa spiriti na havilevyi. Mara nyingi inatolewa kwenye mafuta ya nazi au mawese. Spiriti yenyewe utaiona imeandikwa ethanoli, au alkoholi peke yake bila jina mbele. Hukumu ya dini muulizeni shehe wenu, ila mwambieni ni nta, asije akajibu kuhusu kitu kingine.

Na hilo swali lako la pili jibu lake liko humo humo. We unapika wali wa nazi, unajua tui ni maji na mafuta yamekaa pamoja kwa sababu nazi ina protini zake zinazoyashika, na ukiliacha lichemke bila kukoroga linakatika. Sasa marashi na mafuta yako hayana wa kuyashika, hata utikise mpaka kesho. Losheni inataka imalsifaya, yaani kitu ambacho upande mmoja unapenda maji na upande wa pili unapenda mafuta. Setearili peke yake ni dhaifu, inafanya uzito na ulaini, kwa hiyo uliza nta ya imalsifaya ambayo imeshachanganywa na mwenzake wa kushika maji. Pasha mafuta pamoja na nta, marashi kwenye sufuria yake, vyote vifike kama digrii 70, mimina ukoroge mpaka vipoe, usiache njiani.

Lakini mama, palipo na maji panaota ukungu, na joto letu hili ndo kabisa. Kama huna dawa ya kuhifadhi tengeneza kikombe kidogo, weka kwenye friji, siku chache umemaliza, na watoto usiwapake kabla hujajaribu kwako mkononi.