Namba ya listen haihesabu waliokwisha kuingia

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeandika kwa Python programu ya seva inayopokea uzito na bei za samaki kutoka simu za madalali wa soko la Deep Sea hapa Tanga. Kompyuta yangu ni dhaifu, hivyo kwenye amri ya kusikiliza wanaojiunga niliandika listen(5) ili wasiingie zaidi ya watano kwa wakati mmoja. Alfajiri mashua zinaporudi, nakuta wameingia arobaini na kompyuta imekwama. Nimekosea wapi?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, namba ile inahusu wanaosubiri tu, yaani miunganisho ambayo mfumo endeshi umekwisha kuikamilisha lakini programu yako haijaipokea kwa amri ya accept. Kwa kuwa kila anayefika unampokea papo hapo na kumfungulia uzi wake (thread, yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine), foleni haipati nafasi ya kujaa, na hata ungeandika 1 wangeingia arobaini vilevile.

Kikomo lazima ukiweke mwenyewe. Tengeneza BoundedSemaphore(5), yaani kihesabu cha nafasi tano, na kila nafasi uichukue kabla ya kuita accept, si baada yake. Nafasi zikiisha, programu itasimama hapo, nao wanaofuata watabaki kwenye foleni mpaka mmoja atoke. Hapo ndipo namba ya listen inapopata kazi, nami ningeipandisha hadi 50, kwa sababu foleni ikijaa Linux hupuuza maombi mapya, na simu ya dalali huendelea kujaribu bila kumwambia lolote. Wako wanaopenda kumpokea kila mtu na kumjibu aliyezidi kwamba nafasi zimejaa. Lakini ujumbe wa dalali ukiwa ni mistari miwili mitatu, kungoja kidogo hakumdhuru.

Ninalokusihi zaidi ni urudishaji wa nafasi. Andika release, amri ya kurudisha nafasi, ndani ya finally, sehemu inayotekelezwa hata kosa likitokea, na uzi ukishindwa kuanzishwa, funga soketi (ncha ya muunganisho ule) na urudishe nafasi papo hapo. Halafu kumbuka kwamba simu inayopoteza mtandao ufukweni haiagi: seva yako itaendelea kuisubiri, nayo nafasi itabaki imeshikwa na mtu asiyekuwepo. Simu tano za namna hiyo zinatosha kufunga mlango kwa soko zima, ilhali kompyuta haina kazi yoyote. Kwa hiyo kila soketi uliyoipokea iwekee settimeout(30), ili ikinyamaza kwa sekunde 30 uzi wake upate kosa, uifunge, na nafasi imwendee anayengoja.