Maswali ya Wasomaji: Michezo ya Ndani Jamaa Wanapokusanyika

SWALI: Nakusalimu, ndugu mwandishi wa safu hii. Idi ijayo jamaa zetu wa Kilwa, Nachingwea na Mtwara watafikia kwangu, nasi tutakuwa watu wapatao 20, kuanzia watoto wa miaka mitano hadi mama mkwe wangu, ambaye sasa haoni. Mara iliyopita vijana walicheza karata kwa kuwekeana fedha, mashemeji wawili wakagombana, na wageni wakaondoka kabla ya chakula cha jioni. Nichague michezo gani ili mvua ikitufungia ndani tukae kwa amani?
Mama wa Mtanda, Lindi

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa yaliyowafika. Wengi wetu huanza kwa kuuliza mchezo upi ni mzuri, lakini nakuomba uanze kwa kuhesabu nani atabaki kuegemea ukuta. Bao lina wachezaji wawili, drafti wawili, ludo wanne. Ukiweka ludo moja katikati ya sebule yenye watu 20, watu 16 watakuwa watazamaji, na mtazamaji akishachoka huanza kumsahihisha mchezaji, kisha kumcheka, na hapo ugomvi hauko mbali.

Kwa hiyo mchezo wa kwanza mchagulie mama mkwe wako, kwa kuwa mchezo anaouweza yeye utawafaa karibu wote. Vitendawili havihitaji macho, havihitaji meza, na mtu mzima wa umri wake bila shaka anavyo vingi kuliko sisi sote. Mketishe katikati ya mkeka, awe mtegaji. Akisema "Kitendawili!" nyumba nzima iitikie "Tega!", naye atoe chake, tuseme "Nyumba yangu haina mlango," na watoto waanze kugombea kusema kwamba ni yai. Wakishindwa watalazimika kumpa mji, nawe uweke sharti kwamba miji itoke mikoa yetu hii miwili tu: Liwale, Ruangwa, Tandahimba, Newala, Kilwa Kivinje. Mtoto atajifunza jiografia ya kwao bila kujua kwamba anafundishwa, na bibi atapata nafasi ya kusimulia alivyokwenda huko na mambo aliyoyakuta, kabla ya kutoa jibu.

Jambo moja nimelijua kwa kukaa nyumba za bati. Kwetu Mikindani mvua ya masika ilipopamba moto, sauti ya bibi haikufika hata kwa aliyekaa hatua mbili mbele yake, tukawa tunaitikia "Tega!" kwa kuangalia midomo yake tu. Mvua ikiwa kubwa, hamia kwenye michezo ya mikono, na vitendawili viwekewe wakati inapopungua.

Katika michezo ya mikono naupenda sana ule wa kupapasa. Chukua beseni, litie vitu vya nyumbani kama kifuu, kokwa ya embe, ganda la chaza, komwe na kipande cha ukili, kisha lifunike kwa khanga. Kila mtu aingize mkono, ataje alichoshika kabla ya kukitoa, na mwamuzi awe mama mkwe wako. Wenye macho watakosea mara nyingi, na watoto watashangaa kuona jinsi vidole vyake vinavyotambua mara moja.

Ludo iwepo, ila ichezwe wawili wawili, mkubwa na mdogo kwa rangi moja, ili watu wanane wapate nafasi badala ya wanne. Udhaifu wake ni kusubiri sita ili kete itoke nyumbani. Ukirusha dadu mara sita, bado uko uwezekano wa karibu theluthi moja kwamba sita haitatokea hata mara moja, na kwa mtoto wa miaka mitano huko ni kungoja kusikovumilika. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba moja pia inatoa kete. Muda wa kungoja utapungua kwa nusu.

Kuhusu karata, sikushauri uzipige marufuku kwa sababu ya ugomvi ule, kwa kuwa kilichowagombanisha ni fedha. Sema waziwazi, tena mapema, mbele ya wote, kwamba hapawekwi hata shilingi mia. Lakini zipo familia ambazo kwa sababu za dini hazipendi karata wala dadu, hata pasipo fedha; waulize wazee wako faraghani kabla ya wageni kufika, na kama jibu ni hapana, usibishane nalo. Bao, drafti na vitendawili vinatosha kabisa kuijaza siku.

SWALI: Shikamoo. Nina bao la babu yangu, lakini kete zimepotea na wadogo zangu wanasema mchezo ni mgumu. Je, naweza kutumia korosho, ambazo hapa kwetu zimejaa?
Kijana wa Masasi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Korosho zenye maganda usizitumie. Ndani ya ganda lake mna mafuta yanayochoma ngozi na midomo, na mtoto mdogo hachelewi kutia kitu mdomoni na kukitafuna. Tafuta komwe, mbegu za mkomwe, ambazo ni laini mkononi na hutoa ule mlio wa kete tunaoupenda. Ukizikosa, vijiwe vilivyooshwa vinafaa.

Ugumu wanaoulalamikia wadogo zako nadhani umetokana na kuanzishiwa bao la kiswahili lenyewe, ambalo kila mchezaji huweka kete sita katika shimo maalumu liitwalo nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 zinazobaki huziingiza moja moja katika hatua iitwayo kunamua. Hata mtu mzima huchukua muda kulielewa. Waanzishie bao la kujifunza: mashimo yote 32 yatiwe kete mbili mbili, hakuna nyumba wala kunamua, na mchezaji anaanza moja kwa moja kusambaza na kula. Mkono mmoja ukiwekwa juu ya mkono wa mtoto, kete zikidondoshwa shimo hadi shimo mkihesabu pamoja kwa sauti, ataufahamu mzunguko upesi zaidi kuliko kwa maelezo. Nyumba na kunamua vingoje hadi aanze kukushinda.

Kete zote ni 64. Zihesabu kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, hasa kama nyumbani yupo mtoto anayetambaa, kwa sababu komwe moja iliyobaki chini ya mkeka atakuwa wa kwanza kuiona.