Kahawa huharibikia katikati ya kazi mbili

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: ikiwa kila mfanyakazi wa taasisi anaijua kazi yake, meneja ni wa nini? Ninawajibu kutoka Mbozi, mkoani Songwe, nikiwa mkulima wa kahawa na mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika ambacho niliwahi kukifanyia kazi ya ukarani wa mizani. Mimi naona taasisi ya watu wanaojua kazi zao ndiyo inayomhitaji meneja kuliko nyingine yoyote.

Matunda mekundu ya kahawa yakichumwa leo yanatakiwa yamenywe maganda mtamboni leo leo. Yakilala kwenye viroba yanapata joto na kuchacha, na uchachu huo hautoki tena. Mwonjaji ataugundua kwa funda moja na bei itashuka. Sasa angalia siku moja ya mavuno ina watu wangapi: wachumaji, wabebaji, wachambuzi, karani, mwendesha mtambo, akina mama wanaogeuza kahawa vichanjani. Katika chama kimoja huku kwetu, msimu mmoja, matunda yalilala hadi asubuhi kwa sababu dizeli iliisha jioni. Mwendesha mtambo alisema yeye huendesha, hanunui mafuta. Mhasibu alisema hakuletewa maombi ya fedha. Karani akaendelea kupima na kupokea, maana ndiyo kazi aliyopewa. Ukimhoji mmoja mmoja, kila mtu alitimiza wajibu wake, na bado jasho la wakulima liliharibika pale katikati, kazi ya huyu ilipoishia na ya yule ilipokuwa haijaanza. Pale katikati ndipo pa meneja.

Henri Fayol, mhandisi Mfaransa aliyekabidhiwa mwaka 1888 kampuni ya migodi na chuma iliyokaribia kufilisika akaisimamisha, aliandika mwaka 1916 kwamba uongozi wa shughuli una kazi tano: kuona mbele na kupanga, kuweka watu na vifaa mahali pake, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Wanafunzi wengi hukariri orodha hiyo kana kwamba ni ngazi ya kupanda hatua kwa hatua. Wakati wa mavuno meneja huzifanya zote kabla jua halijazama.

Kupanga tu ndiko hakusubiri mavuno. Kilo sita hivi za matunda hutoa kilo moja ya kahawa safi, kwa hiyo meneja anayepita mashambani matunda yakiwa bado ya kijani anaweza kukadiria vichanja, magunia, mafuta na vibarua. Fedha za kukopa nazo zina njia yake: sheria ya ushirika ya mwaka 2013 inataka ukomo wa madeni upitishwe na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis wa vyama vya ushirika. Chama kinachoanza kupiga hesabu matunda yameshaiva kitapata fedha wakati wanachama wake wameshawauzia walanguzi.

Kinachoniuma zaidi ni amri. Fayol alisisitiza kuwa mfanyakazi apokee amri kwa bosi mmoja, na vyama vyetu vingi vinaumwa hapo hapo. Meneja anasema matunda mabichi yarudishwe. Mwenyekiti anapita mtamboni na kusema yapokelewe kwa kuwa mwenye mzigo ni mzee wa heshima. Kijana wa mtambo amsikilize nani? Bodi tumeichagua iweke mwelekeo na kumhoji meneja kwenye kikao. Ikianza kumpita na kuelekeza wafanyakazi wake, siku kahawa ikikataliwa hakuna wa kuwajibika.

Halafu kuna udhibiti, ambao watu huufikiria kama ujio wa wakaguzi wa COASCO, shirika la serikali linalokagua hesabu za vyama vya ushirika. Ukaguzi unahitajika sana, ila mkaguzi huja kilo zikiwa zimeshapotea. Mali bila daftari hupotea bila habari. Meneja anayelinganisha kila jioni kilo zilizopokelewa, zilizoanikwa na zilizoingia ghalani ataiona tofauti mhusika akiwa bado yupo kazini na anakumbuka.

Najua kwa nini wazee wetu huwatilia shaka watu wa ofisini. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, kazi zao zikaenda kwa mamlaka za mazao, na sheria ya kuvirudisha ilikuja mwaka 1982. Waliozipitia nyakati hizo waliona mazao yao yakiamuliwa na watu wasiowajua, na shaka yao naiheshimu. Lakini naona tumeigeuza kuwa kisingizio cha kutomwajiri meneja, au kumwajiri ndugu wa mjumbe kwa posho ndogo, tukidai mshahara unakula fedha ya mkulima. Ile kahawa iliyochacha usiku ule ililiwa na nani?

Mkutano mkuu wetu ujao utajadili mshahara wa meneja, na nitasimama kuunga mkono alipwe vizuri. Nitaomba pia masharti matatu yaandikwe kwenye mkataba wake: makisio ya msimu yawe mezani kabla matunda hayajaiva, hesabu ya kilo ibandikwe ukutani kila wiki mwanachama yeyote aisome, na mjumbe wa bodi asitoe amri mtamboni.

Msomaji wenu,
Mbozi