Mzee ana pumzi fupi, tumwache apumzike tu?

SWALI: Shikamoo dokta, naandika kutoka Moshi. Mzee wangu ana miaka 64, aliugua TB mara mbili, dawa akamaliza akapona, ila pumzi ikabaki fupi. Tukamkataza shamba, tukamkataza hata kuchota maji, kila kitu anapelekewa alipokaa. Sasa ni mwaka wa pili, kunyanyuka kwenye kochi mpaka ajishike, akienda choo cha nje anasimama njiani mara mbili. Majuzi tumempeleka kupima, wanasema mapafu yako vile vile. Mbona basi anazidi kuchoka? Na akifanya mazoezi si tutamuua jamani?

JIBU: Marahaba, na pole sana, mpe mzee salamu zangu. Mapafu yako vile vile lakini anazidi kuchoka, basi angalia miguu. Misuli ya mapaja isipotumika inasinyaa, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa mapafu inaisha haraka, hasa kama amekonda au amekunywa muda mrefu vidonge vya steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe mwilini kama prednisolone, na msuli ukishakuwa dhaifu hata mwendo mdogo unaufanya utoe asidi mapema, hapo mwili unayalazimisha mapafu yaheme zaidi na mapafu yenyewe ndo hayo. Anahema, anaogopa, anakaa, msuli unazidi kuisha. Mlimkataza kwa upendo, najua, ila lile kochi linamuumiza.

Mazoezi hayafuti kovu la TB, kile kipimo cha mapafu cha kupuliza kinaweza kisibadilike hata kidogo, ila miguu ikipata nguvu safari ile ile ya chooni inakula pumzi kidogo. Kampala, Uganda, pale hospitali ya Mulago walifanya mazoezi hivi na watu waliopona TB kama mzee wako, mara 2 kwa wiki kwa wiki 6, wakawa wanatembea mbali kuliko mwanzo.

Ila kwanza arudi kwa dokta apimwe moyo, oksijeni na makohozi, maana TB huwa inarudi. Akiruhusiwa chukua kiti cha mbao, sio kochi, kiegemee ukutani, akae asimame bila kujishika, hesabu mara ngapi kwa dakika 1, hata zikiwa 6 andika. Akiwa anasimama apulize taratibu midomo ameibana kama anapoza chai. Siku za kwanza apumzike kila akitaka, halafu mnaongeza kidogo kidogo, na matembezi ya hapo uani. Atahema, ni kawaida, mradi aweze kukujibu sentensi fupi. Kama ana inhela ya salbutamol, ile dawa ya kuvuta ya kufungua njia za hewa, muulizeni dokta kama aipige kabla ya kuanza. Maharage, mayai, dagaa asikose, msuli haujengwi na uji mtupu.

Kifua kikiuma, akipata kizunguzungu, midomo ikigeuka rangi au akikohoa damu, acheni hapo hapo mkimbilie hospitali. Baada ya wiki 8 hesabu tena hiyo ya kiti uniandikie.