Je, nikope fedha ili niende misheni nje ya nchi?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni muuguzi hapa Tanzania, na usharika wetu unapeleka kundi la kujitolea Malawi kwa majuma mawili. Kila mmoja anajilipia, nami itanibidi nikope kwenye SACCOS, ilhali mama yangu mgonjwa wa kisukari ananitegemea kwa dawa. Wenzangu wanasema nikikataa nitakuwa nimeukimbia wito kama Yona. Nifanye nini?

Jibu: Amina, binti yangu. Naanza na Yona, kwa kuwa ndiye uliyetishwa naye. Yona alitumwa na Bwana mwenyewe akakimbia, kwa sababu hakutaka watu wa Ninawi wahurumiwe (Yona 4:2). Wewe unauliza namna ya kumtii Mungu pasipo kumtupa mzazi, na huko si kukimbia.

Bwana wetu aliwakemea waliosema kwamba mali ambayo ingewafaa wazazi wao ni Korbani, yaani wakfu, wasiwatendee tena neno lolote baba wala mama (Marko 7:11-13). Onyo hili hunigusa sana, maana mali hiyo haikupotezwa kwa ulevi wala anasa, bali ilitajwa kuwa ni ya Mungu, na bado Yesu alisema wanalitangua neno la Mungu. Kwa hiyo dawa za mama zisipunguzwe hata kidogo kwa ajili ya safari hii.

Kuhusu mkopo, tazama Antiokia: kanisa lilifunga, likaomba, likawawekea mikono Barnaba na Sauli, ndiye Paulo, ndipo wakaenda (Matendo 13:3). Aliyetumwa alikuwa na watu nyuma yake, na baadaye Wafilipi walimpelekea Paulo mahitaji yake zaidi ya mara moja (Wafilipi 4:16). Usharika ukiona huduma yako inahitajika, uchangie nauli na upange nani atamwangalia mama. Usharika usipoweza, mimi nakushauri usikope.

Tena, kabla ya yote, ulizeni kama wenyeji wameomba muuguzi. Leseni yako ya hapa haikupi ruhusa ya kutibu kule bila idhini ya baraza lao la wauguzi, na jina la Yesu tusilifanye njia ya kukwepa utaratibu unaomlinda mgonjwa. Mmisionari Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto mwaka huohuo, kisha akaendelea kujifunza lugha ya watu aliowajia. Ninyi mnakwenda siku 14 tu, basi fanyeni kazi chini ya wauguzi wanaosema Kichewa, na kila mgonjwa mtakayemhudumia aachwe na kumbukumbu zake mikononi mwao.

Waone wazee wa kanisa kabla hujajaza fomu ya mkopo. Ukiona aibu kuyasema haya peke yako, nenda na mama yako, kwa maana naye ni msharika na jambo hili linamhusu.