Kuandika Kiingereza Ukubwani: Anza na Maandishi ya Kazi Yako

Wengi wanaojiunga na madarasa ya jioni hapa Kisumu huja na kitabu kinene cha sarufi kwapani, na kwa maoni yangu kitabu hicho kinaweza kubaki nyumbani kwa miezi ya mwanzo. Mtu mzima hujifunza kuandika haraka zaidi anapoandika kile ambacho kazi yake inamdai tayari: katibu wa chama ana kumbukumbu za mkutano, mwenye duka ana barua za kuagiza bidhaa, naye mlinzi wa lango ana kitabu cha matukio.

Ripoti ya mlinzi ni darasa zuri kuliko insha yoyote, kwa sababu ni fupi, huandikwa kila zamu, na msimamizi huisoma asubuhi. Mlinzi mmoja wa mtaa wa Milimani aliniletea sentensi hii: "The man he came at 8 night and has go with bicycle." Anayeisoma atauliza ni mwanamume yupi, maana "the" humwambia kwamba mtu huyo ameshatajwa. Neno "he" nalo halina kazi hapo. Limeingia kwa mazoea ya Kiswahili, ambapo kitenzi hubeba kiambishi cha mtendaji hata kama mtendaji ametajwa. Lakini kosa lenye madhara makubwa ni la saa. Baiskeli ilichukuliwa saa nane usiku, ambayo kwa Kiingereza ni 2 a.m., na afisa wa polisi akiisoma ripoti hiyo ataanza kuwahoji waliokuwa langoni saa mbili usiku. Baada ya kuirekebisha ikawa: "A man came at about 2 a.m. and left with a bicycle." Haina neno gumu hata moja, na inatosha.

Mnaposahihisha, shughulikieni aina moja ya kosa kwa wakati mmoja. Ukichagua vitenzi vya wakati uliopita, pitia kurasa zako za wiki nzima ukitazama vitenzi peke yake, na mengine uyaache yasubiri. Mwalimu anayejaza wino mwekundu ukurasa mzima huwavunja moyo watu wazima, ambao wengi wao wametoka kazini wakiwa wamechoka.

Kuhusu tahajia, wekeni orodha ya maneno mnayokosea ninyi wenyewe. Wenye Kijaluo kama lugha ya kwanza, kwa mfano, mara nyingi huandika "s" panapostahili "sh", kwa kuwa sauti hiyo haimo katika lugha yao. Simu husaidia, ila haitambui kila kosa: ukiandika "form" badala ya "from" huenda isilalamike, kwa sababu yote mawili ni maneno halali. Ipangeni kwa Kiingereza cha Uingereza, kwani ndicho kinachofuatwa katika shule na ofisi za Kenya, la sivyo itawasahihishia "colour" iwe "color".

Kusoma nako kuna namna yake. Chukua habari fupi ya ajali au ya mahakama katika gazeti la Kiingereza (la jana linafaa, na ni bei nafuu kuliko la leo), kwa kuwa habari za aina hiyo husimulia matukio yaliyokwisha kutokea, kama ripoti yako inavyotakiwa kufanya. Nakili aya moja kwa mkono, ufunike gazeti, uiandike tena kwa kumbukumbu, kisha ulinganishe mstari kwa mstari. Hapo ndipo utakapoona viunganishi na vihusishi ulivyoviruka bila kujua, jambo ambalo maelezo ya sarufi hayanionyeshi hata mimi ninayefundisha.

Hatimaye mpe mwenzako wa zamu nyingine ripoti yako, na usimwombe aisahihishe. Mwombe akusimulie kwa Kiswahili kilichotokea, nani alihusika na saa ngapi, na pale atakaposita ndipo pa kuandika upya.