Muulize Fundi: Mlio wa Upande wa Kulia

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya spoti, silinda nne, cc 600, imeshatembea kilomita 45,000. Nikiiwasha asubuhi inalia upande wa kulia kama mnyororo unaopiga bati, kisha ikipata moto inatulia. Siku hizi hata ikiwa ya moto mlio unarudi nikifika mizunguko 3,000 hadi 4,000. Fundi mmoja ameisikiliza akasema beringi za kranki zimekwisha, tuishushe injini. Nikubali?

JIBU: Marahaba. Usikubali bado. Beringi ya kranki (mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni) haihukumiwi kwa kusimama pembeni na kutega sikio, na mimi nimeona injini nyingi nzima zikifunguliwa bure, zikarudi na uvujaji ambao hazikuwa nao.

Anza na klachi, maana ni kazi ya sekunde chache. Weka nyutro, acha injini ingurume bila kupiga resi, halafu bana klachi. Mlio ukipotea, kwa kawaida ulikuwa unatoka kwenye kikapu cha klachi (ganda linaloshika sahani zake). Pikipiki nyingi za aina hii hulia hivyo, hasa silinda zikiwa hazivuti hewa sawasawa, na kwa kawaida injini haifi kwa sababu hiyo.

Usipopotea, chukua bisibisi ndefu. Ncha iguse injini, mpini uegemeze kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Pita polepole: mfuniko wa valvu, kava ya cheni ya taimingi (inayoendesha valvu kutoka kwenye kranki), kisha shuka hadi chini ya silinda. Mlio utakuwa mkali zaidi pale unapozaliwa. Angalia pia bomba za ekzosi zinapoungana na injini, kwa kuwa gasketi iliyoungua hutoa mlio wa tik-tik unaowadanganya hata mafundi wazoefu.

Sasa sikiliza mwendo wake. Kemshafti (mhimili wa juu unaofungua valvu) huzunguka mara moja wakati kranki imezunguka mara mbili, kwa hiyo valvu iliyolegea hugonga kwa nusu ya kasi ya kranki, mlio mwepesi, wa juu. Beringi ya kontrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) hugonga kwa kasi ya kranki yenyewe, mlio mzito unaotoka chini, na kwa kawaida huzidi oili ikipata moto na kuwa nyepesi, au injini ikibeba mzigo. Wako unaanza injini ikiwa baridi, unapungua ikipata moto, na uko kulia, ambako cheni ya taimingi hukaa kwenye injini nyingi za silinda nne. Mimi ninashuku tenshena ya hiyo cheni, yaani kifaa kinachoikaza, kabla ya kitu kingine chochote.

Kuibadilisha si kazi kubwa, lakini ina hatari moja ninayotaka uishike sana: tenshena ikiwa nje, usiwashe injini wala usigeuze kranki. Cheni ikiruka meno, valvu zitakutana na pistoni. Weka kwanza kranki kwenye alama inayotajwa na kitabu cha pikipiki yako, ndipo ufungue boliti. Kama ni ile ya springi na meno, sukuma fimbo yake kwa kidole. Ikirudi ndani bila wewe kuachia kizuizi cha meno, imekwisha. Ukishafunga mpya, zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili kamili, kwa uelekeo wake wa kawaida, uhakikishe alama zimerudi mahali pake. Ikikwama, usilazimishe.

Na ukitaka kumjibu yule fundi kwa ushahidi, mwaga oili, pasua filta, tandaza karatasi yake kwenye mwanga. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Ukiona vipande vinavyometa, vya rangi ya fedha au shaba, ambavyo sumaku haivishiki, basi ana hoja. Usiiwashe tena hata kwa kuipeleka gereji. Isukume.

SWALI: Yangu imetembea kilomita nyingi bila valvu kupimwa, lakini haitoi mlio wowote. Si dalili nzuri?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na hili linanitia hofu kuliko kelele. Valvu iliyolegea hulia. Iliyobana hukaa kimya. Kadiri inavyochakaa pale inapokalia, valvu hupanda juu na nafasi kati yake na kemshafti hupungua. Ikiisha, valvu haifungi vizuri, gesi ya moto hupenya, na ya ekzosi huungua ukingo. Dalili ya mwanzo huwa injini kuwa ngumu kuwaka. Pima injini ikiwa baridi kabisa, iliyolala usiku kucha, kwa vipimo vya kitabu chako. Kwenye injini hizi hata tofauti ya milimita 0.05 ina maana. Andika kila valvu na unene wa shimu yake (kisahani kidogo kinachorekebisha nafasi hiyo) kwenye karatasi kabla ya kutoa kemshafti, usije ukaifungua mara mbili.